Bibi Ghati na Paka wa Tanuru

Jumamosi asubuhi, Amos alikuwa anapanga kuni kwenye midomo ya tanuru la matofali. Tanuru hilo lilikuwa nyuma ya nyumba yao, nje kidogo ya Nyamuswa. Alikuwa amefyatua matofali hayo kwa miezi miwili. Alitaka kujenga stoo ya mahindi, kwa sababu panya walikuwa wamemchosha. Kila wiki walitoboa magunia. Kila wiki mke wake, Jenoveva, aliyashona tena.

"Mchana huu tunawasha," Amos alisema. "Mvua ikitukuta, kazi yote imepotea."

Mama yake, Bibi Ghati, alikuwa amekaa karibu anapukuchua mahindi. Macho yake yalikuwa yamepungua nguvu, lakini masikio yake yalikuwa mazima kabisa.

"Amos, acha kidogo hizo kuni," alisema. "Kuna kitu kinalia."

"Ni mbuzi wa Abednego, mama."

"Mbuzi gani analia ndani ya matofali?"

Wote wakanyamaza. Kweli, sauti nyembamba ilisikika ndani ya tanuru. Adventina, binti wa Amos mwenye miaka minane, alilala kifudifudi akachungulia.

"Ni mtoto wa paka!" alisema. "Yuko mmoja tu. Amefumba macho."

Walimjua mama wa yule kipaka. Alikuwa paka wa porini, wa kijivu, asiyeguswa na mtu. Siku mbili zilizopita Amos alimkuta amekufa kando ya barabara. Hakuna aliyejua ameuawa na nini.

"Mtoe haraka," Jenoveva alimwambia mume wake. "Huwezi kuwasha moto na kiumbe yumo ndani."

Mkono wa Amos ulikuwa mnene, haukupita. Bibi Ghati akasogea, akakunja mkono wa gauni, akaingiza mkono wake mwembamba mpaka begani.

"Nimemgusa," alisema. Kisha akashtuka. "Aa!"

"Amekung'ata?" Jenoveva aliuliza.

"Amenikwaruza tu kidogo."

Haikuwa kidogo. Meno yalikuwa yameingia chini ya kidole gumba. Damu ilitoka. Bibi Ghati aliifuta kwa pindo la kanga, akaficha mkono.

Kwa nini alificha? Alikuwa na sababu yake. Mwaka uliopita mbwa mmoja alimng'ata mbuzi wa Abednego, jirani yao. Abednego alichukua rungu, na mbwa yule hakuiona jioni. Bibi Ghati alikitazama kile kipaka mkononi. Kilikuwa chekundu kama matofali yenyewe, kimekonda, na mbavu zinahesabika. Akasema moyoni, nikisema nimeng'atwa, watakiua.

Basi akanyamaza.

*

Tanuru likawashwa mchana ule ule, na kile kipaka wakakiita Tofali. Adventina ndiye aliyechagua jina hilo.

Tofali alikuwa katika hali mbaya. Macho yake yalishikamana kwa usaha. Tumbo lilikuwa kubwa, lakini miguu ilikuwa kama vijiti. Viroboto walitembea juu ya pua yake mchana kweupe.

Jenoveva alimpa maziwa ya ng'ombe kwenye kifuniko cha kopo. Tofali aliyanywa yote. Wakafurahi. Lakini Jumapili, waliporudi kanisani, walimkuta anaharisha. Jumatatu asubuhi hakuweza kusimama.

Siku hiyo hiyo, kwa bahati nzuri, Matrida alifika. Matrida alikuwa afisa mifugo wa kata. Watu wengi walimwita Daktari wa Ng'ombe. Alikuja kuwachanja ndama wa Amos, na Amos alikuwa ameshawapeleka ng'ombe zizini kumsubiri. Alipomaliza kazi, Amos akaondoka na ng'ombe kwenda malishoni. Jenoveva akamkaribisha mgeni uji.

"Shikamoo, mama," Matrida alimsalimia Bibi Ghati.

"Marahaba, mwanangu. Habari za kazi?"

"Nzuri. Huyu aliyelala kwenye boksi ni nani?"

Jenoveva alimweleza yote. Matrida alivaa glavu, akamfunga Tofali kwa kitaulo, kichwa kikabaki nje. Alimtazama macho, masikio, mdomo na tumbo.

"Mmempa nini kula?"

"Maziwa," alisema Jenoveva. "Kwani paka si wanapendaga maziwa?"

"Wanapenda, lakini maziwa ya ng'ombe yanawaharisha wengi wao, hasa wadogo. Huyu ana meno, ana kama wiki saba. Anaweza kula chakula laini. Mna dagaa?"

"Wapo. Mama yangu ananitumiaga kutoka Kigera."

"Safi. Wachemshe bila chumvi, bila kitunguu. Wasage, uchanganye na ugali laini kidogo na supu yake. Mpe kidogo kidogo, mara nne kwa siku. Maji safi yawepo wakati wote. Na mweke mahali penye joto. Mtoto wa paka akipoa mwili, hata chakula hakimsaidii."

Halafu alichovya kitambaa safi kwenye maji ya uvuguvugu yaliyochemshwa. Alifuta jicho la kulia taratibu, akakiweka kitambaa kile pembeni. Kwa jicho la kushoto alichukua kitambaa kingine.

"Mbona umebadilisha?" Adventina aliuliza.

"Ili uchafu wa jicho moja usiende kwenye jicho lingine."

Jicho moja likafumbuka. Lilikuwa la bluu, na lilimtazama Adventina moja kwa moja. Mtoto akacheka kwa furaha.

Matrida hakucheka. Alikuwa anamtazama Bibi Ghati. Bibi alikuwa ameshika kikombe cha uji kwa mkono wa kushoto, na mkono wa kulia ulikuwa umefungwa kitambaa.

"Mama, mkono una nini?"

"Jembe tu, mwanangu."

"Naomba niuone."

"Ni jembe, nakwambia."

Matrida alimsogelea, akapiga magoti mbele yake. "Mama, mimi sitamdhuru mtu yeyote hapa. Wala sitamdhuru paka. Lakini naomba niuone huo mkono."

Bibi Ghati akafungua kitambaa. Mkono ulikuwa umevimba. Chini ya kidole gumba palikuwa na matundu mawili madogo.

"Jembe halina meno, mama," Matrida alisema kwa upole. "Lini?"

"Jumamosi. Wakati namtoa."

"Uliosha?"

"Niliweka majani. Sisi zamani tulikuwaga tunaweka majani tu."

Jenoveva alishika kichwa. "Mama! Siku mbili hujasema?"

"Ningesema, mngemuua."

Matrida alisimama. "Jenoveva, lete sabuni ya kufulia na ndoo ya maji. Na kata ya kuchotea."

Walitoka nje. Jenoveva alimwaga maji kwa kata, yakatiririka juu ya jeraha bila kukoma. Bibi Ghati alijisugua kwa sabuni. Matrida alitazama saa.

"Inatosha?" Bibi aliuliza.

"Bado. Ni dakika kumi na tano. Ungefanya hivi Jumamosi hapo hapo, ingekuwa bora zaidi. Lakini hata leo inasaidia. Na usifunge kidonda kwa nguvu, wala usiweke majani, wala mafuta ya taa, wala samadi."

"Unaogopa nini, mwanangu? Ni kipaka kidogo hiki."

"Naogopa kichaa cha mbwa, mama."

"Huyu si mbwa."

"Jina ni la mbwa, lakini ugonjwa ni wa wanyama wengi. Paka anaupata. Fisi anaupata. Hata ng'ombe anaupata akiumwa na mbwa mwenye kichaa. Ugonjwa unakaa kwenye mate. Mnyama aking'ata, unaingia kwa jeraha, na unatembea polepole mpaka kwenye ubongo. Inaweza kuwa wiki, inaweza kuwa miezi. Huyu mama yake amekufa, na hatujui kwa nini. Labda alipigana na mbwa mgonjwa. Labda aligongwa na gari tu. Hatujui."

"Na mtu akiupata?" Jenoveva aliuliza.

Matrida alisita, kwa sababu Adventina alikuwa anasikiliza. Lakini akasema. "Mtu anaanza na homa. Jeraha linawasha hata kama limepona. Halafu anakuwa na wasiwasi, hapati usingizi. Anataka maji, lakini akiletewa maji koo linakaza, anayaogopa. Dalili zikishaanza, hospitali hawana dawa ya kumponya. Ndiyo maana tunawahi kabla hazijaanza. Chanjo ipo, na inazuia kabisa."

Kata ilikuwa imesimama hewani. Bibi Ghati alikuwa amemshika Jenoveva mkono.

"Umesema anaogopa maji?"

"Ndiyo, mama."

"Makongoro," Bibi alisema kwa sauti ndogo.

"Nani?"

"Kaka yangu. Tulikuwa tunakaa Butiama, mimi nilikuwa msichana kama huyu Adventina. Alikuwa anachunga. Mbwa alimng'ata mguuni, kidonda kikapona. Miezi miwili baadaye akaanza homa. Mama alimletea maji kwenye kibuyu, akapiga kelele, akakimbilia ukutani. Kaka yangu, aliyekuwa haogopi hata chui!" Machozi yalimtoka. "Siku ya tatu akafa. Watu walisema amerogwa. Walimsema jirani mmoja, mama Tereza, kwamba ndiye aliyemroga. Yule mama alihama na watoto wake. Nyumba yake ikabaki tupu."

Maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye vidole vya Bibi.

"Kumbe alikuwa mbwa," Bibi Ghati alisema. "Miaka sitini namchukia mama wa watu. Kumbe alikuwa mbwa."

*

Matrida hakupoteza muda. Alimpigia Amos simu, na Amos akaja mbio kutoka malishoni. Kabla Bibi hajaondoka, Matrida alimuuliza kila mmoja: nani mwingine ameng'atwa, nani amekwaruzwa, nani amerambwa mahali penye kidonda? Adventina alikaguliwa mikono na uso. Hakuwa na hata mkwaruzo.

"Na Tofali?" mtoto aliuliza. "Utamchoma sindano afe?"

"Hapana. Tofali tutamwangalia kwa siku kumi kuanzia alipomng'ata bibi yako. Kama alikuwa na ugonjwa kwenye mate siku ile, ndani ya siku hizo ataumwa na kufa, tutajua. Tukimuua leo na kumtupa, hatutajua kitu."

Walimweka Tofali kwenye tenga la kuku, jikoni, karibu na mafiga yenye joto. Matrida alimwachia Jenoveva glavu.

"Ni wewe tu wa kumhudumia," alimwambia. "Vaa glavu, mshike kwa taulo. Adventina asimguse mpaka siku kumi ziishe. Viroboto wasubiri kwanza. Badilisha kitambaa chake kila siku na ukichemshe."

Amos alimpeleka mama yake hospitali Bunda kwa pikipiki. Muuguzi aliosha jeraha tena. Alimpa Bibi chanjo ya kwanza ya kichaa cha mbwa, na nyingine ya pepopunda. Akamwandikia kadi yenye tarehe za kurudi.

"Bibi, uje tarehe hizi zote," muuguzi alisema. "Usije ukasema mkono umepona, ukaacha katikati. Mkono unaweza kupona na ugonjwa ukawa bado unatembea."

"Nitakuja, mwanangu. Nitakuja hata kwa mguu."

Walipofika nyumbani Amos alizima pikipiki, lakini hakushuka.

"Mama, kwa nini uliniogopa?" aliuliza.

"Sikukuogopa wewe. Niliogopa rungu."

"Mimi nisingemuua bila kukuuliza."

"Sasa najua," alisema Bibi. "Nisamehe, mwanangu."

*

Siku mbili zilikwenda vizuri. Tofali alikula dagaa mpaka akahema. Kuharisha kuliisha. Macho yote mawili yalifumbuka.

Lakini Alhamisi asubuhi, Jenoveva alisikia tenga linatikisika. Alikuta Tofali amelala ubavu. Mwili wote ulikuwa unatetemeka. Mate yalimtoka mdomoni kama povu la sabuni.

Jenoveva alipiga kelele. Abednego alikuwa anapita barabarani. Aliingia uani na rungu lake mkononi.

"Nilijua mimi!" alisema. "Hicho ni kichaa. Leteni hapa nimalize."

Bibi Ghati alitoka chumbani. Alipoona povu, akakaa chini mlangoni. Alikuwa ameshapata sindano ya kwanza tu ya kichaa. Aliutazama mkono wake. Midomo yake ilikuwa inasali.

"Usimpige, Abednego," Jenoveva alisema. "Daktari wa Ng'ombe amesema asiuawe. Na usimguse. Hakuna mtu kumgusa."

Alimpigia Matrida simu. Sauti ya Matrida ilikuwa tulivu. "Funikeni tenga, mkae mbali. Nakuja. Lakini niambie, amepewa dawa yoyote? Amepakwa kitu chochote?"

"Hapana," alisema Jenoveva.

Amos alikuwa amesimama kwenye kona ya jiko. "Ndiyo," alisema.

Wote waligeuka.

"Jana jioni. Viroboto walikuwa wamefika kwenye mkeka wa Adventina. Nilichukua dawa ya kupe, ile ya kuogeshea ng'ombe. Nilimpaka kidogo tu mgongoni. Nilivaa glavu." Alitazama chini. "Nilitaka kumsaidia mtoto. Na huyo paka pia."

Matrida alisikia yote kwenye simu. "Sawa, Amos. Umefanya vizuri kusema. Chemsheni maji yawe ya uvuguvugu. Tafuteni sabuni ya vyombo. Nipo njiani."

Alifika na pikipiki yake, akavaa glavu nene. Alimshika Tofali kwa taulo, akamwosha mgongo kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, mpaka harufu ya dawa ikaisha. Abednego alitaka apewe maziwa ya kukata sumu.

"Hapana," alisema Matrida. "Anatetemeka, hawezi kumeza vizuri. Ukimmiminia kitu mdomoni kitaingia kwenye mapafu."

Alimkausha, akamzungushia blanketi, akaweka chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa pembeni yake. Tenga likafungwa nyuma ya pikipiki ya Amos. Wakaondoka kwenda Bunda, kwa daktari wa mifugo aitwaye Kwangu.

Daktari Kwangu alikuwa mzee mwenye sauti nzito. Alimchoma Tofali sindano ya kutuliza mtetemeko. Akamwekea maji ya dripu kwa sindano nyembamba kabisa, chini ya ngozi ya shingo.

"Ng'ombe ana kilo mia tatu," alimwambia Amos. "Huyu tumempima hapa, ana gramu mia sita na hamsini. Hata mfuko wa sukari wa kilo moja unamzidi. Lakini si uzito peke yake. Mwili wa paka haujui kuzivunja dawa nyingi. Dawa ya kupe ya ng'ombe inamuua. Hata Panadol, nusu kidonge, inamuua. Dawa ya mnyama mwingine au ya mtu usimpe paka mpaka umeuliza."

"Atapona?"

"Mmewahi kumwosha. Tusubiri tuone."

"Na povu? Si kichaa?"

Daktari Kwangu alitikisa kichwa. "Nadhani ni dawa. Lakini siwezi kusema kwa kumtazama tu. Dalili zinafanana. Siku kumi ziishe kwanza. Na mama yako aendelee na sindano zake, usimruhusu akose hata moja."

Amos alikaa kwenye benchi mpaka alasiri. Matrida alikaa naye.

"Ni kosa langu," Amos alisema.

"Ni langu pia," alisema Matrida. "Jumatatu nilizungumza habari za viroboto na mke wako. Wewe sikukuambia, na mwenye dawa nyumbani ni wewe. Safari nyingine nitaongea na nyumba nzima."

Saa kumi, Tofali aliinua kichwa. Akalia ile sauti yake nyembamba. Amos aliinama juu ya tenga, na Matrida alimwona anafuta macho kwa mkono wa shati.

*

Siku ya kumi ilikuwa Jumanne. Tofali aliamka na njaa. Alitembea mpaka mwisho wa tenga, akamfokea Jenoveva kwa kuchelewesha dagaa. Matrida alikuja, akamkagua, akatabasamu.

"Hakuwa na kichaa siku ile aliyomng'ata mama," alisema. "Adventina, njoo umshike. Taratibu."

Mtoto alimpokea kwa mikono miwili kama anapokea yai. Tofali alinusa shingo yake, akaanza kukoroma.

Bibi Ghati aliketi akasema, "Asante Mungu." Kisha akasema tena. Halafu akauliza, "Sindano zangu?"

"Daktari wa hospitali ndiye wa kukuambia."

Daktari wa hospitali alimshauri amalize, na Bibi akamaliza. Kadi yake aliitunza ndani ya kitabu cha nyimbo.

Wiki zilizofuata walifanya kazi ndogo ndogo za kila siku. Jenoveva alimchana Tofali kwa kitana chenye meno ya karibu, na viroboto wakaangukia kwenye bakuli la maji ya sabuni. Mikeka ilianikwa juani. Daktari Kwangu alitoa dawa ya minyoo, akaipima kwa uzito wa paka. Siku iliyofuata minyoo walitoka, wengi, kama nyuzi nyeupe. Tumbo likashuka, miguu ikanenepa. Adventina alijifunza kunawa mikono kila akimaliza kucheza naye. Choo cha paka kilikuwa beseni la mchanga nyuma ya jiko, na Amos ndiye aliyekisafisha kila asubuhi, bila kuambiwa.

Katika mwezi wa pili tangu Tofali atolewe tanuruni, Jumuiya ya Kikatoliki ya mtaa wao ilisali nyumbani kwa Amos. Baada ya sala, mwenyekiti aliuliza kama kuna mwenye neno. Bibi Ghati alisimama.

"Nina shukrani," alisema. "Namshukuru Mungu kwa mkwe wangu Jenoveva, aliyesimama mbele ya rungu. Namshukuru kwa mwanangu Amos, aliyesema ukweli wakati angeweza kunyamaza. Mimi mama yake nilikuwa nimeficha. Namshukuru kwa Matrida, na kwa muuguzi wa Bunda ambaye sikumuuliza hata jina."

Alipumua. Watu walidhani amemaliza.

"Na kuna jambo lingine. Nikiwa mtoto, kaka yangu alikufa kwa kichaa cha mbwa. Hatukujua. Tulimsema mama mmoja wa Butiama, anaitwa Tereza, kwamba ni mchawi. Tulimfukuza. Mimi nilimrushia jiwe, nikiwa na miaka minane. Mama yule ameshakufa. Nimemtafuta mwanae wa mwisho, anakaa Musoma, Iringo. Wiki iliyopita nilikwenda kwake, nikapiga magoti, nikamwambia mama yako hakufanya kitu. Alilia. Alinipikia chai. Namshukuru Mungu nimeishi mpaka nikajua."

Mwenyekiti alijipangusa uso, akauliza kwa sauti iliyokwaruza, "Mama Ghati, hao mbwa na paka wanachanjwa lini?"

"Jumamosi ijayo, uwanja wa mnada," Bibi alijibu. "Kuanzia wenye miezi mitatu. Tofali wangu ameshatimiza."

*

Jumamosi hiyo, Matrida alipanga meza yake mapema. Mwaka uliotangulia walikuja mbwa kumi na tisa, na hakuna paka hata mmoja. Safari hii mstari ulipita mti wa mwisho wa uwanja. Mbwa walifungwa kamba za katani. Paka walikuja ndani ya matenga, mifuko ya wavu na hata sufuria yenye mfuniko uliotobolewa.

Wa kwanza kwenye mstari alikuwa Abednego. Alikuwa na mbwa wanne.

"Nimefika saa kumi na mbili," alimwambia Matrida, akiwa na aibu kidogo. "Huyu mweusi ananing'ataga hata mimi. Ukimaliza naye, ninong'oneze namna ya kumfundisha."

Bibi Ghati alimshika Tofali mwenyewe wakati wa sindano. Paka alilia mara moja tu. Matrida aliandika jina lake kwenye cheti: Tofali, mwekundu, jike.

"Jike?" Bibi alishangaa. "Sisi tunamwita bwana siku zote!"

Watu walicheka. Matrida naye alicheka, akamwambia kwamba akifikisha miezi mitano au sita ampeleke kwa Daktari Kwangu amfunge uzazi, ili wasizaliwe watoto wengine wasio na mwenyewe.

Mchana, dawa ilipokaribia kwisha, Matrida alihesabu: mbwa themanini na wanne, paka kumi na saba. Alimfuata Bibi Ghati alipokuwa amekaa.

"Mama, asante," alisema. "Nimefanya kazi hapa miaka sita. Sijawahi kuona siku kama hii."

Bibi Ghati alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Chupa yako imebakiza sindano ngapi?"

"Tatu."

"Basi usifunge meza," alisema Bibi, akinyanyuka. "Kuna mjane hapo nyuma ya mnada ana mbwa watatu, na miguu inamuuma, hawezi kuja. Twende sisi."